Lapisi, sodalaiti, tanzaniti au topazi: jiwe lipi la bluu kwa mkono upi?

Jumamosi moja kijana wa Igoma alisimama mbele ya meza yangu pale Makoroboi, jijini Mwanza, akatoa kipande cha gazeti mfukoni, akakikunjua taratibu. Ndani mlikuwa na mawe manne ya bluu, kila moja kubwa kidogo kuliko harage. Aliazimwa na broka mpaka saa kumi jioni.

"Dada, mwezi wa kumi na mbili naoa. Mchumba wangu anapenda bluu, na haya yote ni ya bluu. Nichukue lipi?"

"Mchumba wako anafanya kazi gani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kiasi cha mahari. "Anachambua dagaa Mwaloni. Sasa jiwe na dagaa vinahusiana nini?"

Vinahusiana sana. Nauza shanga na pete za fedha, na karibu kila wiki mtu ananiletea swali la huyo kijana kwa namna moja au nyingine: mama anayemtafutia binti zawadi ya mahafali, mzee anayetaka pete ya fedha ya kuvaa msikitini, mgeni aliyeteremka kwenye meli ya Bukoba na anataka kitu cha kukumbukia Tanzania. Wote wanaanza na rangi. Mimi naanza na mkono utakaolivaa, halafu rangi ndiyo inafuata.

Haya basi, nimeyaweka yote manne sahani moja. Vigezo vyangu ni hivi: jiwe linastahimili kazi gani, rangi yake inakaaje kwenye mwanga tofauti, linaghushiwa vipi, fundi na sabuni vinalifanya nini, watu wanalipa maana gani, na mwisho bei.

Mawe yenyewe

Lapisi lazuli si madini ya aina moja. Ni mwamba, mchanganyiko: lazuraiti ndiyo inayotoa bluu, kalsaiti inaleta mawingu meupe, na pairaiti inanyunyiza chembe zinazometa kama dhahabu. Chimbuko lake linalojulikana kuliko yote ni machimbo ya Sar-i Sang, Badakhshan, huko Afghanistan, yaliyochimbwa kwa zaidi ya miaka 6,000.

Sodalaiti ni ndugu yake wa ukoo mmoja. Ina bluu nzito ya wino na mishipa meupe, ila kwa kawaida haina zile nyota za dhahabu. Jina lilitokana na sodiamu iliyomo ndani yake, na ilipewa mwaka 1811.

Tanzaniti ni mtoto wa nyumbani. Kitaalamu ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, iliyotiwa rangi na chembechembe za metali ya vanadi, na duniani kote inachimbwa kibiashara sehemu moja tu, Mererani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Iligunduliwa mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani ikaiingiza sokoni kwa jina la nchi yetu.

Topazi ya bluu ndiyo ninayolazimika kuieleza mara nyingi zaidi. Ipo inayotoka ardhini ikiwa ya bluu, lakini ni hafifu na adimu. Karibu zote unazoziona dukani zilichimbwa zikiwa hazina rangi, zikapigwa mionzi, zikapashwa moto, zikageuka bluu. Hilo si kosa. Kosa ni muuzaji kukuficha.

Mkono unafanya nini kutwa?

Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Kucha yako ni 2.5 hivi, kioo cha dirisha 5.5, almasi 10. Kwenye kipimo hicho lapisi iko kati ya 5 na 5.5, sodalaiti 5.5 hadi 6, tanzaniti kati ya 6 na 7, na topazi 8.

Namba ya kukumbuka hapo ni 7, kwa sababu ndiyo ugumu wa madini ya kwazi, na kwazi imejaa kwenye mchanga na vumbi la kawaida. Mji wetu ndio kabisa: umejengwa juu ya graniti, kuanzia Jiwe la Bismarck pale ziwani hadi majabali yanayoning'inia juu ya nyumba za Mabatini, na graniti ina kwazi ndani. Jiwe lolote lililo chini ya 7, ukilifuta vumbi kwa upindo wa kanga, unalisugua kwa kitu kigumu kuliko lenyewe. Hutaona siku hiyo. Baada ya mwaka utashangaa mbona uso umefifia kama kioo cha simu kilichokaa mfuko mmoja na funguo.

Sasa mfikirie mchambuaji wa dagaa. Dagaa wengi wa ziwa letu huanikwa mchangani, kwa hiyo anayewachambua mikono yake inakuwa ndani ya mchanga tangu asubuhi. Pete ya lapisi kwenye mkono huo haimalizi msimu ikiwa na mng'ao wake. Sodalaiti hali ni hiyo hiyo. Tanzaniti itajitahidi kidogo, lakini kingo zake zitaanza kulika. Topazi pekee ndiyo itakayoshindana na mchanga na kushinda.

Ila usikimbilie kusema topazi imeshinda yote. Ugumu ni habari ya kukwaruzwa. Kupasuka ni habari nyingine. Topazi na tanzaniti zote mbili zina mkondo wa ndani ambao jiwe hupasukia kirahisi, kama gogo linavyofuata nyuzi zake ukilipiga shoka upande sahihi. Pete ya topazi ikigonga ukingo wa karai la chuma kwa pembe mbaya, inaweza kutoka vipande viwili safi kabisa. Lapisi haina mkondo wa namna hiyo. Ni laini kwa mikwaruzo lakini ina uvumilivu wa mwamba, ndiyo maana watu wa kale waliichonga mihuri na shanga na vinyago vilivyofika hadi leo.

Kwa hiyo mtindo wa pete nao unaamua. Jiwe lililozungushiwa ukingo wa fedha pande zote na kukaa chini karibu na kidole lina maisha marefu kuliko lililoinuliwa juu kwa kucha nne. Na ukitaka lapisi au tanzaniti bila wasiwasi, toa mkononi, peleka shingoni au masikioni. Hereni hazichambui dagaa.

Rangi, na taa unayoitazamia

Bluu ya lapisi haipitishi mwanga. Ukiitazama asubuhi, jioni, kwa taa ya umeme au ya kibatari, ni ile ile. Walio na umri wangu wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: ile bluu ya kufulia, iliyokuwa inafungwa kwenye kitambaa na kuzungushwa kwenye maji ya mwisho ili shati la shule liwe jeupe la kukata macho, ilitengenezwa kwa rangi iitwayo ultramarini. Kwa karne nyingi rangi hiyo ilipatikana kwa kusaga lapisi peke yake, na wachoraji wa Ulaya waliilipia vibaya sana, hata mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda huko Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa bei nafuu. Ilipatikana ndani ya miaka michache. Tangu hapo bluu ya wafalme ikashuka mpaka kwenye beseni la kufulia, lakini jiwe lenyewe halikushuka nayo.

Sodalaiti ukiiweka karibu na lapisi utaona imepoa, inaelekea wino na kijivu, na mishipa yake meupe inaonekana kama mawimbi. Kwa bangili ya shanga kubwa mimi naipenda kuliko lapisi. Hilo ni jicho langu, usilifanye sheria.

Tanzaniti ina vituko. Jiwe ghafi ukiligeuza linatoa rangi tatu: bluu, zambarau, na nyekundu ya hudhurungi. Nyingi hupashwa moto hadi kwenye nyuzi mia tano na zaidi za Selsiasi ili hudhurungi iondoke, zibaki bluu na zambarau. Kwa hiyo jiwe ulilolinunua likiwa bluu kwenye mwanga wa mchana linaweza kwenda zambarau chini ya balbu ya njano ukumbini. Usilinunue kwa taa ya duka peke yake. Omba kutoka nalo nje, simama kivulini, litazame. Halafu litazame tena kwa balbu. Kama umezipenda sura zote mbili, lako. Ujue pia kwamba tanzaniti ndogo mara nyingi huwa nyepesi ya rangi. Ile bluu nzito ya kwenye picha hutoka kwenye mawe makubwa kidogo.

Topazi inauzwa kwa ngazi tatu hivi. Kuna nyepesi ya anga, kuna kali ya kung'aa, na kuna nzito yenye kijivu kwa mbali ambayo wafanyabiashara huiita London. Ile nyepesi, siku ya jua kali saa sita, ina rangi ya maji ya ghuba ukiyatazama kutoka Capri Point. Rangi yake haibadiliki kwa taa kama ya tanzaniti. Tatizo lake, kama ni tatizo, ni kwamba haina chembe, haina wingu, haina doa, na jiwe la mtu mmoja linafanana kabisa na la mwingine.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Lapisi ndiyo inayoghushiwa hovyo kuliko zote. Kuna lapisi halisi ya daraja la chini iliyopakwa rangi kuficha weupe, na kuna haulaiti, jiwe jeupe la bei poa, lililochovywa rangi ya bluu na kubatizwa jina. Chukua pamba, ilowanishe kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni, sugua sehemu iliyofichika, labda kwenye tundu la shanga. Pamba ikitoka bluu, umepaka pesa yako mwenyewe. Omba ruhusa kwanza; anayekataa kipimo cha sekunde kumi amekujibu tayari.

Kuitofautisha na sodalaiti, tafuta chembe za dhahabu. Zisipokuwepo, na una kipande kisicho na thamani kubwa, kikwaruze nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa: lapisi huacha mstari wa bluu hafifu, sodalaiti huacha mweupe. Nimeona sodalaiti ikiuzwa kwa jina la lapisi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kuona kinyume chake.

Tanzaniti ya uongo mara nyingi ni kioo. Kioo ukikigeuza hakibadiliki rangi, na kwa lenzi ya sonara unaweza kukuta viputo vya hewa ndani. Kuna pia mawe ya maabara yanayoigiza rangi yake vizuri, na hapo macho yako na yangu hayatoshi. Kwa jiwe la pesa nyingi, nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya madini na udai risiti yenye uzito kwa karati (karati 1 ni gramu 0.2). Anayekuambia "nimetoka nalo Mererani mwenyewe" huku akiangalia nyuma kila dakika, mwache aendelee na safari yake. Tangu mwaka 2018 machimbo yale yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24, na sababu ilikuwa ni hao hao wanaoangalia nyuma.

Topazi haivutii sana waghushi kwa sababu yenyewe ni nafuu. Hata hivyo kioo cha bluu kipo. Topazi ni nzito kuliko kioo cha ukubwa huo, na ukiigusisha shavuni inabaki baridi kwa muda.

Moto wa fundi na ndimu ya jikoni

Hapa nina kovu langu mwenyewe. Pete yangu ya lapisi ilikuwa inanibana. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji, akaikata, akaiunga kwa moto bila kulitoa jiwe, halafu akaitumbukiza kwenye asidi kama anavyofanya kwa fedha zote ili weusi uondoke. Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye benchi. Kwanza ilikuja harufu ya yai viza. Fundi akatazama chini ya meza akidhani kuna panya amekufa. Tulipoitoa pete, jiwe lilikuwa na uso wa chaki, bluu iliyokufa, kama jicho la samaki wa jana. Lapisi ina salfa ndani, na asidi huifumua ikatoka kama gesi. Kalsaiti nayo huyeyuka. Fundi aliomba msamaha na nikamwelewa, maana kazi yake ya kila siku ni dhahabu na fedha tupu, na mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Basi sema. Ukipeleka pete yenye lapisi au sodalaiti kwa sonara, neno la kwanza liwe "toa jiwe". Jikoni napo, ndimu unayoikamulia sato na siki ya kachumbari ni asidi vilevile. Hazitatoa harufu, lakini kidogo kidogo zitaula mng'ao. Wale wanaosafisha fedha kwa majivu au dawa ya meno wajue kwamba wanalisugua na jiwe.

Tanzaniti haigombani na ndimu kiasi hicho, inagombana na mshtuko. Usiitoe kwenye joto ukaitia kwenye maji ya baridi, na mwambie fundi asiiweke kwenye ile mashine ya kusafishia kwa mtetemo, kwa sababu inaweza kupasuka. Ni hivyo hivyo kwa topazi, na mashine hiyo inyime pia. Mawe yote manne yanatosheka na maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa safi, na lapisi iwe ya kuoshwa haraka, si ya kulowekwa usiku kucha.

Maana

Hapa ndipo maswali mengi hutua, na ndipo wajanja hula.

Ya lapisi ni ya zamani kuliko vitabu vingi. Kwenye kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun wa Misri, nyusi na wanja wa macho vimejazwa lapisi. Katika masimulizi ya Wasumeri, mungu mke Inanna aliposhuka kuzimu alivaa shanga za lapisi shingoni. Kwa wasomaji wa Biblia kuna jambo zuri zaidi: wataalamu wengi wanaona kwamba jiwe linaloitwa yakuti samawi katika Agano la Kale halikuwa yakuti tunayoijua leo, bali lapisi. Fungua Ayubu 28:6 utaona jiwe hilo likitajwa pamoja na mchanga wa dhahabu. Yakuti ya leo haina mchanga wa dhahabu, lapisi inao. Kwa hiyo jiwe la kifuani pa kuhani kwenye Kutoka 28 huenda lilikuwa mwamba huu huu ulioko kwenye sahani yangu. Ukweli, heshima, hekima: maana hizo zilizoshikamana na lapisi zinatoka huko, kwa wafalme na makuhani.

Tanzaniti haina historia hiyo. Wauzaji wa nje huisimulia hadithi za kale, lakini jiwe lililogunduliwa mwaka 1967 halina ukale wa kudai. Maana yake ni ya kwetu na ni changa. Ni Jumanne Ngoma, ambaye mwaka 2018 Rais Magufuli alimtambua hadharani kama mgunduzi wake. Ni Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo aliyeiuzia serikali mawe mawili mwaka 2020, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na kila mtu nchini akaanza kuokota mawe njiani na kuyageuza juani. Ukimpa mtu tanzaniti, unampa jina la nchi. Halafu tangu mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kimeiweka kati ya mawe ya waliozaliwa Desemba, ambako topazi ya bluu nayo huwekwa.

Topazi husemwa ni jiwe la urafiki na utulivu. Sodalaiti husemwa ni ya akili na mazungumzo, inatulia mezani kwa mwanafunzi. Sina la kubishana hapo wala la kuthibitisha. Mtu akivaa kitu kinachomkumbusha kutulia, akatulia, mimi nafurahi.

Ninakokataa ni kwenye "pete ya mvuto". Kuna wanaozunguka sokoni na jiwe la bluu wakidai linaita wateja, linarudisha mume, linaponya presha. Sijaona jiwe lililoleta mteja pasipo na bidhaa nzuri, na presha inapimwa hospitali. Wengine hushauri kuloweka lapisi kwenye maji ya kunywa. Usifanye hivyo: lina pairaiti ndani, na mengi yamepakwa rangi na nta usizozijua.

Kwa Waislamu wanaume, swali hugeuka kidogo. Dhahabu hawavai, fedha wanavaa, na kati ya haya manne lapisi ndiyo inayokaa vizuri zaidi kwenye fedha. Weupe wa chuma unaiamsha bluu. Wazee wa pwani wangekuambia akiki au feruzi, na wana haki yao.

Bei

Kwa ujumla sodalaiti iko chini kabisa, topazi nayo ni nafuu, bei ya lapisi inapanda kulingana na bluu yake na uchache wa weupe, na tanzaniti nzuri inaziacha zote mbali. Tanzaniti na topazi hupimwa kwa karati. Lapisi na sodalaiti mara nyingi kwa gramu, kipande au uzi mzima wa shanga. Msemo wa zamani kwamba almasi, zumaridi, rubi na yakuti ni vito kamili na mengine ni nusu usikubabaishe: tanzaniti nzuri inaipita bei yakuti mbovu bila jasho.

Nani achukue lipi

Ukitaka pete ya kuvaa kila siku, na mkono wako unafua, unapika, unashika usukani wa bodaboda, chukua topazi, iliyozungushiwa ukingo na kukaa chini. Kama bajeti inaruhusu, uliza pia akwamarini, ambayo sikuiweka kwenye sahani: ina 7.5 hadi 8, haina ule mkondo wa kupasukia, na jina lake maana yake ni maji ya bahari. Mabaharia wa zamani waliivaa. Mvuvi wa Ukerewe angeielewa.

Kwa zawadi ya mtu anayeondoka nchini, au ya mzazi aliyestaafu, jiwe la kuvaliwa sikukuu na kurudishwa kwenye kasha, tanzaniti ni chaguo lenye maneno yake. Iwe kidani au hereni.

Mwenye kazi ya ofisini, asiyekamua ndimu kwa mkono wenye pete, mwenye kupenda kitu chenye historia, achukue lapisi. Mwanamume anayetaka pete ya fedha ya Ijumaa au ya ibada, vilevile. Akubali tu kwamba itazeeka naye na baada ya miaka itahitaji kung'arishwa upya.

Anayeanza biashara ya shanga, au mwanafunzi wa chuo anayetaka bangili nzuri kwa pesa ndogo, sodalaiti inamtosha, mradi iuzwe kwa jina lake. Nyuzi zangu za sodalaiti huisha kabla ya za lapisi kila mwisho wa mwezi.

Na kama hujui mtu unayempa anafanya nini kwa mikono yake, nunua hereni.

Yule kijana nilimweleza haya kwa nusu ya urefu huu, maana saa ilikuwa inakimbia. Akasema pete lazima, wazazi wa upande wa pili wanaisubiri. Nikamwambia ampigie mwenyewe. Akaweka simu kwenye spika juu ya gazeti, nyuma yake zikasikika kelele za Mwaloni na mtu anayetangaza bei ya ndoo. Akamsomea majina yote manne kama mwalimu anayeita mahudhurio, akaeleza na mambo ya mchanga.

Binti akacheka. "Kwani nani avae pete kwenye dagaa? Nikifika kazini naitia kwenye pochi. Wewe niletee lile lenye nyota."

Saa kumi kasorobo akayakunja matatu kwenye gazeti, akakimbia kumrudishia broka. La nne likabaki kwenye sahani yangu, nami nikatoa uzi kupima ukubwa wa kidole alioniachia.